Muulize Fundi: Mama wa zamu ya usiku kule Chicago

Safu hii hujibu barua za wasomaji kuhusu redio, chombo chenyewe na yanayosikika ndani yake. Anayejibu ni fundi wa redio mwenye kibanda Luthuli Avenue, Nairobi, mzaliwa wa Pumwani.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mzee Fundi,

Mimi ni mlinzi wa usiku, soja kama tunavyoitwa, kwenye jengo moja la ghorofa Kilimani. Kwetu ni Taita, lakini Nairobi huu ni mwaka wangu wa 11. Mwezi wa tatu mpangaji mmoja alihama kwenda kusoma ng'ambo, akaniachia simu yake ya zamani. Alikuwa amefuta picha na namba zote, ila programu moja ya kusikilizia podikasti aliiacha. Sijui alisahau au aliniachia makusudi.

Usiku ule nilichomeka waya wa masikio nikakuta kipindi cha redio kiitwacho This American Life. Kinaeleza maisha ya watu wa kawaida kule Marekani. Siku niliyoanza nayo ilikuwa ya mgahawa mmoja wa Chicago, Golden Apple. Watu wa redio wamekaa mle ndani kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 11 alfajiri ya kesho yake, wanaongea na yeyote anayeingia: wazee wanaokuja kila siku, wapenzi waliokosana, walevi, polisi. Halafu kuna mama mmoja mhudumu ambaye amefanya zamu ya usiku kwa zaidi ya miaka 20. Mzee, nilipolisikia hilo nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu pale getini. Nilisimama.

Tangu hapo nimesikiliza vingi. Nina maswali matatu. La kwanza, mambo haya ni ya kweli au ni maigizo? La pili, nilinunua redio ndogo ya mawimbi mafupi Gikomba nikidhani nitaipata Chicago moja kwa moja. Wiki mbili nazungusha, napata Kichina na mvumo tu. Nifanyeje? La tatu ndilo linalonikosesha raha. Ninamfikiria yule mama wa Chicago kuliko ninavyowafikiria watu ninaowafungulia geti kila siku. Nilipomweleza mke wangu aliniuliza, "Kwani yeye ndiye anayekulipia karo?" Je, nina kasoro?

Kiingereza changu ni cha shule ya msingi. Kipande kimoja nakirudia mara tatu, nne.

Soja wa Kilimani

FUNDI ANAJIBU

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako ilinifikia nikiwa na chuma cha lehemu mkononi. Nilikiweka chini, nikachomoa umeme, nikaisoma tena kwa utulivu.

Nianze na hiyo redio ya Gikomba, kwa sababu sipendi uendelee kuizungusha bure. Kipindi chako kilianzia kituo cha WBEZ cha Chicago, na hicho ni kituo cha FM, 91.5. Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi, yanakwenda yamenyooka. Dunia ikijipinda, yenyewe hayapindi nayo, yanajiendea zake angani. Ndiyo maana mtu akisafiri, stesheni aliyotoka nayo Nairobi huanza kukwaruza njiani na mwisho hupotea kabisa. Kutoka hapa hadi Chicago ni zaidi ya kilomita 12,000. Mawimbi mafupi ndiyo yanayoweza kugonga tabaka la juu la anga, yakadunda na kuangukia nchi ya mbali, na kwa njia hiyo Kichina kinakufikia bila kukiita. Ila kipindi chako hakipiti huko. Mlango wako ni huo huo ulioachiwa kwenye simu. Hata hivyo redio usiitupe. Funga kipande cha waya mrefu kwenye antena yake, uutundike juu ya ukuta mbali na taa za umeme, na usiku wa manane utashangaa utakayoyasikia.

Kuhusu bando: saa moja ya kipindi kilichobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni MB 57 hivi. Ukisikiliza moja kwa moja kila usiku, mshahara utaishia humo. Vipakue mapema ukiwa mahali penye waifai, uvisikilize baadaye bila mtandao. Na kuna jambo linalohusu kazi yako. Najua soja huweka waya sikio moja, la pili akaliachia geti. Kuna vipindi ambavyo sauti imegawanywa, nyingine kushoto nyingine kulia, kwa hiyo ukitumia sikio moja unakosa sehemu ya mazungumzo na unadhani ni Kiingereza ndicho kimekushinda. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta neno "mono", uliwashe. Sauti zote zitakusanyika sikio moja. Huenda ukagundua ulikuwa unaelewa zaidi ya ulivyodhani. Tena tovuti yao huweka maandishi ya kipindi kizima, neno kwa neno. Palipokutatiza pasome mchana, kisha urudi kusikiliza.

Sasa, je, ni kweli? Ndiyo, ni kweli, ni habari za watu waliopo. Mara mojamoja huweka hadithi ya kubuni au kipande cha mchekeshaji, na hapo hukwambia. Aliyekianzisha ni Ira Glass, ambaye aliingia redioni mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 19, kama mwanafunzi wa kazi tu. Kipindi kilianza Novemba 1995 kwa jina jingine, mwaka uliofuata kikachukua hili ulilokuta. Kila wiki huchagua wazo moja, kisha huleta visa viwili vitatu vinavyolizunguka, wakiviita sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mchezo wa jukwaani. Ukishaufahamu mpangilio huo hupotei tena, hata maneno yakikupita.

Ila nataka nikueleze walichofanya mwaka 2012, maana ndicho kilichonifanya niwaamini. Januari ya mwaka huo walirusha simulizi ya msanii wa jukwaani, Mike Daisey, aliyesema amekwenda China, kwenye viwanda vinavyounda simu za Apple, akakutana na wafanyakazi walioumia kwa sumu na watoto walioajiriwa. Simulizi ilipendwa mno. Mwandishi wa habari mmoja wa Marekani aliyekuwa akiishi China, Rob Schmitz, akaitilia shaka, akamtafuta mkalimani aliyekuwa ameandamana na Daisey. Mkalimani akasema mambo kadhaa aliyoyasimulia Daisey hawakuyaona. Ungefanya nini wewe ungekuwa na redio? Wengi wangesoma sahihisho la sekunde 20 baada ya matangazo ya biashara. Wao walitoa saa nzima, Machi 2012, wakaifuta ile simulizi hadharani, wakamkalisha Daisey mbele ya kipaza sauti na kumuuliza swali moja moja. Mle ndani kuna vituo virefu vya kimya, mtu kaulizwa na hana la kusema, na hawakuvikata. Katafute kipindi hicho. Mimi nilikisikiliza nimesimama, kama wewe na mama yako wa mgahawani.

Tufike kwenye hilo la tatu. Hapa uniruhusu nikae kidogo, kwa kuwa limenirudisha siku nilipokipata kipindi hiki mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2015, kuelekea mwishoni. Binti mmoja wa chuo aliniletea simu ambayo tundu la waya wa masikio limelegea. Ukilibonyeza sauti inakuja, ukiliachia inakatika. Nikafungua, nikakuta kijiguu kimoja cha tundu kimeachana na ubao, ufa mwembamba kama unywele. Nikakipa tone moja la lehemu, nikapuliza likapoa, nikachomeka waya wangu na kubonyeza kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kioo. Huwa najaribu kwa sekunde 10 tu, kushoto kuna sauti, kulia kuna sauti, basi, simu inarudi kwa mwenyewe. Ikatoka sauti ya kijana, Kiingereza chenye lafudhi ya Kisomali. Akataja Eastleigh.

Ndugu yangu, mimi nimezaliwa Pumwani. Eastleigh kwangu ni mwendo wa miguu, nimetumwa huko kununua sukari nikiwa sijaota jino la mbele. Kulikuwa na wateja wawili wanaosubiri mbele ya meza yangu, nikawasahau.

Kijana huyo ni Abdi Nor Iftin. Alikulia Mogadishu wakati wa vita, akajifunza Kiingereza kwa kutazama filamu za Kimarekani mpaka watu wakampachika jina la Abdi American. Alikimbilia Nairobi, akaishi Eastleigh na kaka yake. Akacheza ile bahati nasibu ya viza ambayo Marekani huiendesha kila mwaka, watu mamilioni huomba, na jina lake likatoka. Lakini kutoka kwa jina si viza. Kuna karatasi, kuna usaili ubalozini, kuna tarehe ambayo ikipita kila kitu kinapotea. Na katikati ya kusubiri huko ukaja mwaka 2014, msako wa polisi uliofuata mashambulizi ya kigaidi, watu kwa maelfu wakachukuliwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Abdi na kaka yake wakajifungia ndani. Mwandishi wa BBC, Leo Hornak, alikuwa akimpigia simu, naye akawa anasimulia siku zinavyokwenda, siku moja baada ya nyingine, ameketi chumbani haruhusiwi na hofu kufungua dirisha. Mwisho alifika Marekani, akaenda kuishi jimbo la Maine. Kipindi kilirushwa Julai 2015.

Sasa nisikilize. Aprili ya mwaka 2014 mimi nilikuwa hapa hapa. Nilipita mtaa ule zaidi ya mara moja, nikaona maduka yamefungwa mchana, nikaona mapazia yamevutwa. Niliona nikapita, nina vipuri vya kufuata. Nyuma ya pazia moja kulikuwa na mtu anahesabu siku. Nilikuja kumjua zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kupitia redio ya Marekani, kwenye simu ya mtoto wa watu niliyepewa kutengeneza waya. Kwa hiyo swali lako, kama una kasoro, nililiuliza mimi kabla yako, na lilinikaa moyoni siku nyingi.

Jibu nililolipata ni la kifundi. Hesabu, mtu anakaa mbele yako pale getini kwa muda gani? Honi, kioo kinashuka, habari ya usiku, kioo kinapanda. Sekunde nne, tano. Yule mama wa zamu ya usiku umemsikiliza akianza sentensi na akaimaliza. Hakuna aliyemkatiza, hakuna wimbo uliopigwa juu ya maneno yake. Kipaza sauti kimekaa karibu na mdomo, na nyuma yake umeusikia mgahawa wenyewe ukiendelea na kazi, kwa hiyo masikio yako yanaamini mko chumba kimoja. Ira Glass ameeleza mara nyingi jinsi anavyoliunda simulizi. Jambo linatokea, kisha jingine, kisha jingine, mpaka unataka kujua kilichofuata, halafu mwenyewe anatulia na kusema lilimfanya nini. Hilo la kutulia ndilo gumu. Redio zetu za sasa zinaogopa kutulia. Sekunde mbili za kimya tu, mtangazaji ameshaingia na mlio wa kitufe. Mimi nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu redio ndiyo iliyonilea na najua inaweza nini.

Maana tuliwahi kuwa nayo. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alianza "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966. Kipindi kizima kilihusu mambo madogo ya kila siku: mtu anayeingia nyumba ya mwenzake wakati wa chakula, mtu anayesukuma wenzake akipanda basi. Mambo madogo kabisa. Baba yangu alikuwa akinyamazisha nyumba nzima, na tulikuwa watoto saba. Nilichokikuta kwenye simu ya yule binti hakikuwa kigeni kwangu hata kidogo, ila nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kukisikia, nikadhani kimeisha duniani.

Basi muda unaomfikiria yule mama, usijihukumu. Wewe unafanya kazi aliyoifanya yeye, saa ambazo mji umelala. Na angalia jambo hili: ukiwa getini saa 9 usiku, Chicago ni saa 1 jioni wakati wa kiangazi chao, au saa 12 wakati wa baridi. Mwenye zamu ya usiku kule anakuwa ndiyo anajiandaa kutoka nyumbani.

Mke wako usimlaumu, aliuliza swali la mtu mwenye watoto. Lakini nakuomba jambo moja. Siku ya mapumziko mkiwa na chai, msimulie huyo mama kwa Kidawida, lugha ya kwenu Taita, mwanzo mpaka mwisho, bila kuharakisha. Usimwambie ni kipindi cha redio. Mwambie kuna mama mmoja anafanya kazi usiku. Kisha niandikie alichosema.

BARUA YA PILI

Fundi,

Nimesikia unavyokisifu kipindi hicho cha Wamarekani pale kibandani kwako nilipoleta redio ya shule. Mimi ni mwalimu, Buruburu. Naona tumeshalishwa Marekani vya kutosha kwa filamu na nyimbo. Vijana wetu wanaongea kwa pua. Kwa nini na wewe mzee mzima uwaongezee?

Mwalimu wa Buruburu

FUNDI ANAJIBU

Mwalimu wangu, hoja yako naiheshimu, na kuhusu pua niko nawe.

Lakini Marekani ya filamu na Marekani ya kipindi hiki ni nchi mbili. Mwaka 2013 walirusha kazi ya waandishi watatu waliokaa miezi mitano kwenye shule ya sekondari ya Harper, Chicago, shule ambayo katika mwaka mmoja wanafunzi wake 29, wa sasa na waliotoka karibuni, walikuwa wamepigwa risasi. Wewe ni mwalimu, sikiliza jinsi wafanyakazi wa shule ile wanavyopanga siku ya sherehe huku wanajiuliza kama itafaa kuifanya. Mwaka huo huo walikaa kwenye duka moja la magari karibu na New York, wauzaji wanahangaika kufikisha magari 129 kabla mwezi haujaisha. Ukitaka kujua Mmarekani wa kawaida anavyobembeleza mteja, anavyokosana na bosi, anavyokula chakula chake wima, yumo humo. Na kile cha 2019 kuhusu watu wanaoomba hifadhi, waliozuiwa upande wa Mexico wakilala kwenye mahema, ndicho kilichopewa tuzo ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule Marekani, mwaka 2020, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa kwa kazi ya sauti. Hicho hakiisifu nchi yao. Kijana anayeota kwenda ng'ambo akivisikiliza, ndoto yake itapata macho.

Tena si kweli kwamba hapa hakuna anayejaribu. Adelle Onyango, ambaye wengi tulimzoea redioni, alianzisha podikasti yake ya Legally Clueless hapa Nairobi mwaka 2019, na humo Waafrika wa kawaida wanasimulia maisha yao wenyewe kwa sauti zao. Ni kwa Kiingereza zaidi. Ninachokitamani mimi ni cha Kiswahili, Kiswahili hiki tunachoagizia chai, saa nzima, mtu mmoja wa Kariobangi au Dagoretti, asiye na cheo. Shule yako ina redio niliyoitengeneza na ina watoto wenye simu. Nitakuja kuwafundisha kurekodi bure, siku yoyote utakayonipa isipokuwa Ijumaa mchana.

BARUA YA TATU

Asalaam aleikum Fundi,

Nina kaseti moja, ya dakika 60, ambayo marehemu baba aliirekodi nyumbani kwetu Kaloleni, nadhani ni mwaka 1983. Alikuwa anafanya kazi reli. Alikuwa akirekodi salamu zikisomwa redioni, akisubiri jina lake, na maikrofoni ya redio-kaseti ikashika kila kitu mle ndani: mama anapekecha mboga, sisi watoto tunagombana, na baba anatuambia tunyamaze, salamu zinapita. Sauti yake iko mahali patatu tu. Naogopa kuicheza, isije ikakatika. Naomba unisaidie kuihamishia kwenye simu, halafu uondoe hizo kelele za jikoni na za redio, ibaki sauti ya baba peke yake.

Binti wa Kaloleni

FUNDI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba.

Umefanya vyema kuogopa. Kaseti ya miaka 40 usiitie kwenye mashine yoyote utakayoazimwa. Iweke mahali pakavu, mbali na spika, kwa kuwa spika ina sumaku na sauti yako imeandikwa kwa sumaku. Tazama pale kwenye dirisha la chini, katikati, kuna kijipande cha kitambaa juu ya bati jembamba. Ndicho kinachousukuma utepe ugusane na kichwa cha mashine, na kaseti za zamani gundi yake hukauka kikadondoka. Chako kikiwa kimedondoka usijaribu kukirudisha, niachie mimi. Kabla ya kucheza nitasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, nitaupeleka utepe mbele hadi mwisho na kuurudisha, taratibu, ili uachane na mikunjo iliyoganda. Kisha nitaicheza mara moja, huku inaingia kwenye kompyuta. Mara moja inatosha.

Hilo la kuondoa kelele, ninakusihi tulizungumze kwanza. Kuondoa ninaweza. Mashine za siku hizi zitamtenga baba na jiko, lakini nimeshalifanya hilo kwa mteja mmoja na nilijuta. Sauti ilibaki safi kweli, ila imekauka, kama mtu anayeongea akiwa hayuko popote. Mteja alisikiliza mara mbili akaniuliza, "Hii ni yeye?" Nikamrejeshea ile yenye vyombo na majirani, akakaa hapo kwenye kibenchi changu mpaka nikafunga kibanda.

Baba yako anasema mnyamaze, salamu zinapita. Nikiwaondoa watoto, anamwambia nani anyamaze? Nikiiondoa redio, salamu zipi zinapita? Huyo mama anayepekecha mboga nyuma yake ndiye anayetuambia ni saa ngapi mle ndani. Juu hapa nimemjibu ndugu mmoja soja ambaye amesimama usiku kucha kumsikiliza mama wa Chicago, na nadhani kilichomsimamisha ni mgahawa ule unaosikika nyuma ya maneno yake. Wewe unacho chako, cha Kaloleni, dakika 60, na hakuna redio yoyote duniani iliyonacho.

Nitakufanyia nakala mbili. Moja kama ilivyo, bila kugusa kitu. Ya pili nitapunguza mvumo wa utepe tu, ule mchirizo wa "shii" unaotoka kwenye kaseti zote, na baba nitampandisha kidogo sana pale mahali patatu. Usikilize zote, uchague.

Ila usisubiri kuja kwangu kufanya jambo hili moja, lifanye leo. Igeuze kaseti uangalie ule upande wa mgongo, usio na utepe. Kwenye pembe mbili kuna vijino viwili vidogo vya plastiki. Chukua ncha ya bisibisi, uvivunje vyote viwili. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakitashuka tena, hata mtoto akiitia kwenye mashine na kubonyeza kwa bahati mbaya.